SOMO: PANGO, KODI NA KAMPUNI



Kwanza tutenganishe maneno mawili. Wengi wetu husema "kodi" kwa fedha anazotoa mpangaji, na tena "kodi" kwa zile zinazokwenda serikalini. Katika somo hili fedha za mpangaji ni pango, na za serikali ni kodi.

Hapa Uganda wafanyakazi wengi wa viwandani na mashambani, wakikaribia kustaafu, hujenga vyumba vya kupangisha. Ndipo huja mtu na mkoba wake kuwashauri waandikishe kampuni ya limitedi, pango lipitie humo, eti kodi itapungua. Tuhesabu wenyewe, kwa viwango vya mwaka wa kodi wa 2024/25.

Chukua ndugu mwenye vyumba vinne, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,800,000. Akipokea kwa jina lake mwenyewe, shilingi 2,820,000 za kwanza hazitozwi kitu. Zinabaki 1,980,000, naye hulipa 12 kwa mia, yaani shilingi 237,600. Haruhusiwi kuondoa gharama, hata kama ameezeka upya. Pango hili halichanganywi na mshahara. Mshahara una hesabu yake na msamaha wake wa shilingi 235,000 kwa mwezi. (Zidisha kwa 12 uone: ni zile zile 2,820,000.)

Sasa vyumba hivyo hivyo viwe vya kampuni. Kampuni kisheria ni mtu mwingine, nayo haipewi msamaha huo. Inaruhusiwa kuondoa gharama kwanza, lakini zisizidi nusu ya pango. Tuseme zimefika nusu: zinabaki 2,400,000, na kodi ni 30 kwa mia, yaani shilingi 720,000. Hata upepo ung'oe paa na gharama zipite nusu, mwaka huo huondoi zaidi. Ndiyo kusema kampuni hailipi chini ya 15 kwa mia ya pango lote, na mtu binafsi hafiki 12.

Tena haijaisha. Fedha zilizobaki ni za kampuni, si zako. Ukijigawia kama gawio, hukatwa 15 kwa mia nyingine. Kiwanja kikihamishwa kutoka jina lako kwenda la kampuni, kuna ushuru wa stempu, 1.5 kwa mia ya thamani yake. Na mhasibu hafanyi kazi bure.

Kampuni ina faida moja: ikidaiwa, mali yako nyingine haiguswi. Lakini benki ikikopesha kampuni ndogo, mara nyingi hutaka wewe mwenyewe utie sahihi ya dhamana, na hapo faida hiyo imekwisha.

Basi mwenye vyumba vinne aandikishwe kwa jina lake katika Mamlaka ya Mapato, apate namba ya mlipa kodi, na aweke daftari la pango mwezi kwa mwezi. Akija yule mwenye mkoba, ampe daftari hilo na kalamu, amwonyeshe hesabu ya kampuni kabla ya kutia sahihi popote.