MISEMO ILIYOTOKANA NA KAMARI

Mwaka huu nimeonelea nifafanue misemo michache tunayoitumia kila siku bila kukumbuka kwamba ilitoka kwenye kamari.

(a) Karata ya turufu. Maneno "karata", "turufu" na "dadu" tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498. Hata kopa, uru, pau na shupaza yana asili hiyo. Turufu ni aina ya karata inayozishinda nyingine. Basi ukisikia, "Golikipa wetu ndiye karata yetu ya turufu," maana yake ndiye tegemeo letu.

(b) Kubahatisha. Ni kutenda bila uhakika. "Bahati" ni neno la Kiajemi. Mfano: "Usibahatishe majibu ya Hesabu, onyesha njia."

(c) Mkeka umechanika. Huu ni mpya, wa vijana wanaobeti kwa simu. Mkeka ni orodha ya mechi ulizochagua. Timu moja ikikuangusha, mkeka wote umechanika. Darasani kwetu hata safari ikiahirishwa tunasema hivyo hivyo.

(d) Pata potea. Ni mchezo wa karata tatu. Mchezeshaji anazihamisha upesi, nawe unaonyesha ile unayodhani ndiyo. Kama msemo, ni jambo lisilo na hakika: "Kulima mahindi kwa kungojea mvua ni pata potea."

Msemo huu wa mwisho nilijifunza kwa machozi. Muhula wa kwanza Mama alinipa shilingi 500 za mtihani. Karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru nikakuta watu wamezunguka karata. Jamaa mmoja alishinda mara mbili nikiona kwa macho yangu. Kumbe alikuwa mwenzao! Nikaweka 100, zikaenda. Nikaweka zilizobaki nizirudishe za kwanza, nazo zikaenda. Nauli sikuwa nayo, nikapiga mguu hadi nyumbani.

Mama hakunichapa. Alinyamaza tu, na kesho yake akauza kuku wetu wa mayai. Afadhali angenichapa.

Wenzangu, jina la mchezo lilikuwa limeniambia kila kitu. Mimi nilisikia "pata" peke yake.

Zoezi: Tunga sentensi moja kwa kila msemo, kisha umwonyeshe mwalimu wako wa Kiswahili.