Mtu Mzima wa Kuaminiwa

Katika nchi ya Algeria, iliyo kaskazini mwa Afrika, alizaliwa mtoto mwaka 1913, jina lake Albert Camus. Siku zile Wafaransa ndio waliotawala huko, naye alikuwa wa kabila la Wazungu walowezi, lakini kwao palikuwa na umaskini mwingi. Hajatimiza mwaka mmoja, baba yake akaenda vitani Ufaransa, akajeruhiwa, akafa. Mama yake hakujua kusoma, na masikio yake yalikuwa mazito. Kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba za watu. Walikaa mjini Algiers kwa bibi, mwanamke mkali, na neno lake ndilo lililokuwa sheria ya nyumba.

Shuleni Albert alifundishwa na mwalimu aliyeitwa Louis Germain. Huyu naye alikuwa amepigana katika vita vile vile vilivyomwua baba wa mtoto. Alipoona akili ya Albert, akamfundisha yeye na wenzake wachache baada ya saa za shule, bila malipo, wapate kufanya mtihani wa kusaidiwa karo katika shule ya juu. Lakini bibi akakataa. Alitaka mtoto ashike kazi alete mshahara. Nanyi msimhukumu bibi upesi. Mwenye chungu kitupu huhesabu siku, hahesabu miaka.

Basi mwalimu akaenda mwenyewe nyumbani kwao, akasema na bibi hata akakubali. Mwaka 1924 Albert akaingia shule ya juu. Mwaka 1957 akapewa Tuzo ya Nobel kwa vitabu alivyoandika, akamwandikia mwalimu wake barua ya shukrani, kwamba baada ya mama yake, yeye ndiye aliyemkumbuka kwanza.

Wasomaji wengi hulipita jambo moja katika habari hii. Mwalimu hakumtenga mtoto na jamaa zake. Alilolitaka alilisema mbele ya bibi, mahali pa wazi. Kwa alama hiyo mtamjua mtu mzima wa kuaminiwa: akikupa zawadi, mama yako aweza kuiona, akikuita, wenzako waweza kujua umeitwa wapi. Bali mtu akikuambia, "Neno hili lisijulikane nyumbani," huyo, awe mwalimu, awe mjomba, awe mzee wa kanisa, ondoka kwake upesi, ukaseme.

Najua kusema ni kugumu. Tumelelewa katika adabu, tuwaamkie wakubwa wala tusijibizane nao, nami adabu hiyo naidai sana darasani. Lakini adabu haikuwekwa ili mtoto aumie kimya. Wazee wetu walijua pia kwamba si kila neno mtoto aweza kumwambia mama yake. Kwa hiyo pwani msichana alipewa somo, mwanamke wa kumfunza na kumsikiliza. Na bara wengi walimwendea bibi au shangazi. Siku hizi watoto wengi hukaa mjini, mbali na bibi zao, na pengo lile mara nyingi hujazwa na mwalimu.

Huenda mtu wa kwanza asikusadiki. Usidhani kwamba umesema uongo kwa kuwa yeye hakusadiki. Mwendee wa pili, na wa tatu. Tena, Tanzania na Kenya iko namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, nayo hupigwa bila malipo.

Leo jioni chukua daftari lako, uandike majina ya watu wazima watatu: mmoja wa nyumbani, mmoja wa shuleni, na mmoja jirani. Mbele ya kila jina andika jambo moja alilokutendea hata ukamwamini. Ukikosa jina la tatu, acha mstari mtupu, uje uniambie kabla ya kengele ya asubuhi.