Maneno ya Fedha Yanayotatanisha katika Kiingereza

Ukikosea jina la ndege katika insha ya Kiingereza utapoteza alama moja tu. Lakini ukikosea neno la fedha katika hati, waweza kutia sahihi deni lisilo lako. Hati nyingi za biashara bado huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yafaa tuyajue maneno haya barabara, sisi wanafunzi pamoja na wazazi wetu.

1. "Borrow" na "lend". Haya ndiyo yanayotusumbua zaidi, na chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Kwetu neno "azima" hutumika pande zote mbili. "Niazime jembe lako" maana yake nipe. "Nimeazima jembe kwa jirani" maana yake nimechukua. Kiingereza hakikubali hivyo. Anayechukua ndiye "borrows", na neno hilo hufuatwa na "from". Anayetoa ndiye "lends", na hufuatwa na "to". Basi kabla ya kuandika, jiulize: fedha inatoka mkononi mwa nani? Aliyeandika "I lent 50,000 shillings to Juma" anamdai Juma. Aliyeandika "I borrowed 50,000 shillings from Juma" anadaiwa naye.

Kiswahili nacho hutenga jambo ambalo Kiingereza hakilitengi. Kitu cha kuazima hurudi chenyewe, kama jembe. Cha kukopa hurudi mfano wake, kama sukari au fedha. Kiingereza husema "borrow" kwa yote mawili.

2. "Owe" na "own". Tofauti ya herufi moja, lakini mmoja ni mwenye mali na mwingine ni mdeni. "He owns the shop": duka ni lake. "He owes the shop 30,000 shillings": duka linamdai. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza ijulikane nani anayedaiwa.

3. "Cost", "price" na "prize". Mama auzaye maandazi hununua unga, sukari, mafuta na kuni. Tuseme kila andazi humgharimu shilingi 150. Hiyo ni "cost". Akiliuza kwa shilingi 200, hiyo ni "price", yaani bei. Shilingi 50 zinazobaki ni faida yake. Asiyetofautisha maneno haya mawili hawezi kujua kama biashara yake inaendelea au inakufa. Ama "prize" ni zawadi ya mshindi. Sauti ya mwisho ya "price" ni s, ya "prize" ni z.

4. "Tax" na "rent". "Fare" na "fee". Sisi husema "kodi" kwa ile tunayolipa Serikalini na kwa ile tunayomlipa mwenye nyumba. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "tax", ya pili ni "rent". Nauli ya basi ni "fare". Ada ni "fee", kama ile iliyoondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali za Tanzania.

5. "Wage" na "salary". Hapa Kiswahili chatusaidia. "Mshahara" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndani yake mna "shahr", yaani mwezi. Basi malipo ya mwezi ni "salary". Ujira wa kibarua, unaohesabiwa kwa saa, siku au juma, ni "wage", na mara nyingi huandikwa "wages".

6. "Bill" na "receipt". "Bill" ni ankara: yaonyesha unachotakiwa kulipa. "Receipt" ni stakabadhi: yathibitisha kwamba umelipa. Herufi p katika "receipt" huandikwa lakini haitamkwi. Anayetunza ankara na kuitupa stakabadhi ametunza ushahidi wa deni na kutupa ushahidi wa malipo.

ZOEZI. Chagua neno lifaalo, kisha tazama majibu.

(a) Please ____ me 1,000 shillings. (borrow, lend)
(b) The ____ of this book is 8,000 shillings. (price, prize)
(c) The bus ____ to town is 600 shillings. (fee, fare)
(d) My uncle ____ the bank money and pays a little every month. (owns, owes)
(e) Keep the ____ to show that you have paid. (bill, receipt)

Majibu: (a) lend, (b) price, (c) fare, (d) owes, (e) receipt.

Aliyepata yote matano na amsaidie mwenzake wa kidato cha chini. Aliyekosa (a) au (d) asome tena sehemu ya 1 na ya 2 kabla hajatia sahihi karatasi yoyote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne