Ulemavu wa Kudumu Utokanao na Kazi: Ifahamu Asilimia Yako

Mfanyakazi aliyeumia kazini hutufikia akiwa na swali moja: "Nitalipwa shilingi ngapi?" Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine linalolitangulia ambalo wachache huliuliza: ulemavu wangu umepimwa kuwa asilimia ngapi? Jibu la hili la pili ndilo linaloamua lile la kwanza. Somo hili linawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara, wa sekta binafsi na ya umma, ambao ajali au ugonjwa wa kazi umewaachia ulemavu usiopona. Linawahusu pia jamaa wanaowauguza, kwani mara nyingi hao ndio wanaofuatilia karatasi.

Tuanze na msingi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Linaloangaliwa ni kama aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi hiyo, au kama ugonjwa wake umetokana nayo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na waajiri peke yao. Mwajiri hutoa asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, wala haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili hiyo. Kwa hiyo fidia si hisani ya mwajiri. Wazee waliofanya kazi viwandani zamani watakumbuka sheria ya awali, ambayo aliyepata ulemavu wa kudumu hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000, hata angekuwa kijana aliyepoteza macho yote mawili.

Sasa tuje kwenye asilimia. Matibabu yanapoendelea, mfanyakazi huhesabiwa kuwa na ulemavu wa muda, na hulipwa asilimia 70 ya mapato yake ya mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hupimwa baadaye, pale daktari anaporidhika kuwa tiba imefika mwisho wake: jeraha limefunga, mfupa umeunga, na kilichobaki hakitarajiwi kubadilika. Wapo wanaoharakisha kipimo kwa sababu ya shida za nyumbani. Shida hizo tunazielewa, lakini anayepimwa mapema anaweza kupimwa kabla madhara yote hayajajitokeza.

Mpaka uliowekwa ni asilimia 30. Ulemavu usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi, mfanyakazi hulipwa pensheni ya kila mwezi. Aliyepimwa asilimia 100, yaani asiyeweza kabisa kufanya kazi tena, hupata pensheni ya asilimia 70 ya mapato yake ya mwezi maishani mwake. Aliyepimwa chini ya hapo hupata sehemu inayolingana na kipimo chake.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Tuchukue mfano wa mwendesha mtambo aliyekuwa akipata shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Akipimwa asilimia 100, pensheni yake ni shilingi 700,000. Akipimwa asilimia 40, wengi hudhani atapata 400,000, sivyo. Atapata asilimia 40 ya zile 700,000, yaani shilingi 280,000. Na akipimwa asilimia 28, hana pensheni kabisa: atapokea fedha zake mara moja na malipo yake ya ulemavu yataishia hapo. Pointi chache za kipimo zinaweza kuwa tofauti kati ya kipato cha maisha yote na fedha ambazo, pasipo mpango mzuri, huisha kabla ya ada ya mtoto ya mwaka wa pili.

Lipo jambo jingine gumu kulipokea. Kukosa uwezo wa kufanya kazi uliyoizoea si sawa na ulemavu wa asilimia 100. Dereva aliyepoteza jicho moja huenda asirudi tena kwenye usukani, lakini hapimwi kama aliyepofuka macho yote. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba daktari anayekupima aelezwe kazi yako kwa undani. Usiseme tu "mimi ni kibarua". Sema unabeba nini, unasimama saa ngapi, unatumia mkono upi. Taja pia maumivu, ganzi na usingizi uliopotea, hata kama hukuulizwa.

Nguzo ya pili ya hesabu ni mapato. Tunza hati za mshahara, mkataba na taarifa za benki. Mwajiri anayeandika mshahara mdogo kuliko anaolipa huonekana kama anaokoa mchango, na pengine mfanyakazi naye haoni ubaya. Siku ya ajali, asilimia 70 hiyo hutafutwa kwenye kilichoandikwa.

Kuhusu muda, mjulishe mwajiri mara moja. Yeye anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7 kwa ajali, na siku 14 kwa ugonjwa. Asipofanya hivyo, njoo mwenyewe au mtume ndugu, na usiache miezi 12 ipite. Usizuiwe na habari kwamba mwajiri hajajisajili. Wajibu wa kujisajili ni wake, si wako. Huduma zetu hazina malipo, hivyo kishoka anayedai fungu ili "asukume faili" hasukumi chochote. Vilevile usitie saini karatasi inayosema umemalizana na mwajiri kabla hujapata ushauri, hata kama fedha iko mezani.

Ukiona kipimo hakikukutendea haki, omba kwa maandishi uamuzi upitiwe upya, ukiambatanisha ripoti ya daktari mwingine inayoeleza kiungo kwa kiungo kile ambacho kipimo cha kwanza hakikuona. Shauri lisilokwisha kwa utaratibu huo linaweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Mwisho, pensheni siyo fao pekee. Asiyeweza kula, kuoga au kugeuka kitandani bila msaada anaweza kuombewa malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia. Familia nyingi hazilidai fao hili kwa sababu anayehudumu ni mke, mama au binti, na kazi yake haikuwahi kuhesabiwa kuwa kazi. Fomu inapojazwa, jina lake litajwe.