Mifupa Iliyogeuka Mawe

Mwaka jana kijana mmoja mwanafunzi wa upande wa Kyerwa alinijia ofisini, akaamkia kwa adabu, kisha akafungua kitambaa juu ya meza yangu. Ndani yake palikuwa na jiwe jeusi, zito, lenye matundu mengi madogo. "Mzee," akasema, "nimepata mfupa wa dinosauri." Alikuwa amesoma shuleni habari za wanyama wale wakubwa wa kale, na tangu hapo akawa akiokota mawe kila aendapo kuchunga au kuteka maji. Ningependa sana kumwambia kwamba ameupata. Lakini haukuwa mfupa, na sababu yake yafaa kuelezwa, maana nimekwisha letewa mawe ya namna hiyo zaidi ya mara moja.

Kwanza tujue jinsi mfupa ugeukavyo jiwe. Mnyama akifa porini, fisi na mchwa na jua humaliza kila kitu. Bali akifa kandokando ya mto au ziwa, na matope yakamfunika upesi, mifupa huweza kusalimika. Matope huzidi kurundikana juu yake, na kwa uzito wake hugeuka kuwa mwamba. Maji yapitayo ndani ya mwamba huchukua chembe za madini, nazo hujaza vitundu vya mfupa mmojammoja, hata mfupa wote ukawa jiwe, na umbo lake likabaki lile lile. Kitu kama hicho wenye elimu hukiita kisukuku. Basi waona kwamba yatakiwa mambo mawili: awepo mnyama mwenye mifupa, na matope yawepo siku zile zile alizoishi.

Katika nchi yetu ya Tanzania mahali palipokuwa na mambo hayo mawili kwa wingi ni Tendaguru, katika nchi ya Wamwera, kama maili 40 kutoka Lindi mjini. Zamani sana, yapata miaka milioni 150, hapo palikuwa pwani. Bahari ikaja na kurudi, ikaja na kurudi, na dinosauri wakafa katika matope yake. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona mifupa mikubwa ikitokeza juu ya ardhi. Mwaka 1909 wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig wakaja kutoka Berlin kuichimba, na kazi ikaendelea mpaka mwaka 1913.

Nimesema wataalamu wakaja kuichimba, lakini walioshika majembe na sululu walikuwa Waafrika, na kufika mwaka 1911 idadi yao ilikuwa karibu 500. Nchi ile ilikuwa haijapona vizuri kutoka vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Watu hao walichimba mashimo, wakaitoa mifupa polepole isivunjike, wakaifunga kwa plasta na udongo na mianzi, kisha wapagazi wakaichukua vichwani na mabegani mpaka Lindi, mwendo wa siku tatu au nne. Mizigo iliyokwenda Ulaya ilizidi tani 200. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mwenye mkono mwepesi na jicho kali, na Waingereza nao walipokuja kuchimba mwaka 1924 walimtaka yeye yule. Mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Heshima hiyo ilichelewa mno, lakini imekuja.

Mnyama mkubwa kuliko wote waliotoka huko, aitwaye Giraffatitan, alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, naye yupo huko hata leo. Kimo chake chazidi futi 43. Mti mrefu wa mkaratusi ndio ungemfaa kwa kulinganisha, si nyumba zetu.

Sasa turudi Karagwe. Mbona kwetu hawapatikani? Wengine hudhani kwamba mawe yetu ni machanga mno. Kinyume chake! Mawe ya vilima vya Karagwe na Kyerwa, yale ya mchanga na ya udongo ulioshikamana, yana umri wa zaidi ya miaka milioni 1,000, na wenye elimu ya mawe duniani kote huyajua kwa jina la Karagwe na la jirani zetu wa Ankole. Matope yalikuwapo, ila wanyama wenye mifupa walikuwa bado kutokea duniani. Hao walianza kama miaka milioni 500 iliyopita, na dinosauri kama milioni 230. Kwa hiyo achimbaye mfupa wa dinosauri katika mwamba wa Karagwe ni kama atafutaye jina la mjukuu katika daftari la kodi la babu yake.

Nini basi alichoniletea kijana? Yalikuwa mavi ya chuma, yaani takataka ya tanuru. Wahunzi wa Karagwe walisifika tangu zamani za Wakama wao, na mabaki ya kazi yao yapo bado ardhini. Chuma kikiyeyushwa, pumzi hutoka na kuacha matundu, nayo hufanana sana na matundu ya mfupa. Tena liko jambo lingine lidanganyalo watu: mawe yaliyopasuka yenye vitawi vyeusi kama majani ya mmea. Si majani, ni madini yaliyopenya katika ufa pamoja na maji.

Kijana alinyamaza. Nikamwambia kwamba mavi ya chuma ni habari ya babu zetu wenyewe, nayo yanastahili kutunzwa. Kisha nikamwuliza, "Uliyaokota wapi?" Hapo ndipo palipokuwa na hasara kweli, maana hakukumbuka. Alikuwa na mfuko wa mawe kumi na mawili kutoka vilima vitatu, yote yamechanganyika.

Mifupa ya Tendaguru kila mmoja ulitiwa alama ya shimo ulimotoka, na kwa sababu hiyo wataalamu wa leo, miaka zaidi ya 100 baadaye, waweza kusema mfupa huu ni wa mnyama huyu na ule ni wa mwingine. Iko na mifupa iliyookotwa miaka ya 1930 upande wa Ziwa Nyasa, ikakaa makabatini mpaka mwaka 2013 ndipo ilipopewa jina la Nyasasaurus, na yawezekana ndiye dinosauri wa kale kuliko wote wajulikanao. Kama isingalijulikana ilikotoka, ingalibaki mifupa tu.

Kwa hiyo mwenye kupenda kuokota mawe na awe na daftari na kalamu kabla ya nyundo. Aandike siku, kilima, mto ulio karibu, na kama jiwe lilikuwa juu ya ardhi au ndani ya mwamba. Kisha atie namba juu ya jiwe na namba ile ile daftarini. Kando ya mto Kagera, katika changarawe, twaweza kupata mawe yaliyochongwa na watu wa kale kuwa zana. Hayo, pamoja na visukuku, yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964: ukiyaona, usichimbe wala usiuze, bali peleka habari kwa serikali. Na ndani ya hifadhi za Ibanda na Rumanyika usiokote kitu chochote.

Yule kijana alirudi mwezi uliofuata. Alikuja na mawe manne tu safari hii, kila moja limefungwa katika karatasi yake, na juu ya karatasi ameandika jina la kilima.