Mawazo Usiyoyataka: Je, Ni Dhambi?



Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa kigango chetu alinifuata nyuma ya kanisa. Alikuwa na mtoto wa wiki sita, lakini mtoto alikuwa amebebwa na dada ya mumewe. Nilipomuuliza kwa nini hambebi mwenyewe, alianza kulia.

"Mwalimu," aliniambia, "kila nikimwosha mtoto, wazo linanijia: mtumbukize ndani ya karai. Sitaki! Nampenda mtoto wangu. Lakini wazo linarudi. Nimeficha hata kisu cha jikoni. Mimi ni mama gani?"

Alikuwa ameacha kupokea Komunyo. Mumewe hakujua lolote.

Je, wewe msomaji hujawahi kupatwa na wazo la namna hiyo? Labda si la mtoto. Labda ni picha chafu katikati ya Rozari, au neno la kumtukana Mungu wakati wa Mageuzo, au sauti ya moyoni isemayo, "Mume wako ana mwingine," hali huna sababu yoyote. Watu wengi hupatwa na mawazo hayo. Wachache husema.

KUJARIBIWA SI KUTENDA DHAMBI

Mgeni asiyealikwa akipiga hodi, mwenye nyumba hana kosa. Kosa huanza anapomfungulia, kumpa kiti na kumpikia chai. Ndivyo ilivyo kwa mawazo. Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa jangwani (Mathayo 4:1-11). Alisikia maneno ya mjaribu, na bado hakuwa na dhambi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha (namba 1857) kwamba ili dhambi iwe ya mauti ni lazima mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vizuri ubaya wake, na akubali kwa hiari yake. Mama yule alikubali nini? Hakukubali kitu. Machozi yake yalikuwa ushahidi kwamba moyo wake ulikataa.

Lakini tusijidanganye. Ukikaa ukimpamba mke wa jirani katika mawazo yako, au ukilisha kinyongo dhidi ya mkwe wako kila usiku, huyo si mgeni tena. Umempa kitanda.

KWA NINI WAZO LINARUDI?

Jaribu sasa hivi kutomfikiria ng'ombe mwekundu. Umeona? Tayari amefika. Jinsi tunavyolisukuma wazo kwa hofu, ndivyo linavyorudi kwa nguvu. Tena mara nyingi wazo hushika pale tunapopenda zaidi. Mama humwogopea mtoto wake, mcha Mungu huogopa kufuru.

Wazee wa jangwa la Misri walilijua jambo hili zamani sana. Ndugu mmoja alimwendea Abba Poemeni akilalamika kuwa mawazo mengi yanamsumbua. Mzee alimtoa nje, akamwambia apanue vazi lake na kuukamata upepo. Ndugu akasema hawezi. Mzee akamweleza kwamba vivyo hivyo hawezi kuyazuia mawazo yasije, bali kazi yake ni kutoyafuata.

TUFANYE NINI?

1. Usibishane nalo. Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal alikuwa mke na mama kabla ya kuanzisha shirika la watawa mwaka 1610. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na mawazo yaliyoishambulia imani yake. Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyekuwa akimwongoza, alimshauri asijibizane nayo hata kidogo. Aliyasikia, akaendelea kumtumikia Mungu, na leo ni mtakatifu.

2. Sali kwa ufupi, kisha rudi kwenye kazi yako. "Yesu, nakutumainia" yatosha. Usisali Salamu Maria hamsini ili kulifuta wazo moja. Hapo sala inageuka kuwa hofu. Sema, endelea kumwosha mtoto, endelea kupalilia shamba. Mtakatifu Paulo anatuhimiza tuyatafakari yaliyo ya kweli na safi (Filipi 4:8).

3. Mwambie mwenzako. Hapa mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Miaka iliyopita mke wangu aliniambia kwamba wazo la kuniacha lilikuwa likimjia, na lilimtisha. Nilinuna siku tatu. Matokeo yake? Hakuniambia tena jambo la moyoni kwa muda mrefu sana. Alikuja kwangu akitafuta msaada, nami nikamhukumu. Mume, mke wako akikufungulia moyo, usicheke, usikasirike, wala usiseme ana pepo. Mshike mkono na umwambie, "Asante kwa kuniambia. Tuko pamoja."

4. Ungama, kisha tulia. Mwaka 1522, huko Manresa, Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliteswa na wasiwasi wa dhamiri. Aliungama dhambi zile zile tena na tena, hata akajaribiwa kujiua. Alipata amani alipoacha kurudia dhambi za zamani. Ukiwa na wasiwasi wa namna hiyo, chagua padre mmoja, mweleze yote, na umtii akikuambia yatosha.

5. Nenda hospitali. Biblia inatuagiza tumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba (Yoshua bin Sira 38:1-15). Mawazo yakikunyima usingizi, chakula au kazi, mwone daktari. Kuna matibabu yanayosaidia. Na mama aliyejifungua akianza kusikia sauti, kusema mambo yasiyoeleweka, kuona kwamba wazo lile ni amri ya kutimizwa, au kutaka kujiua, msingoje Jumapili. Msimwache peke yake wala na mtoto. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa, si uovu.

Yule mama alimwambia mumewe jioni ile. Nilihofu, kwa kuwa namjua ni mtu wa hasira. Lakini alinyamaza, kisha akasema, "Kesho nitakaa karibu na wewe ukimwosha." Wiki ile walikwenda kliniki pamoja, na nesi akamtuma kwa daktari. Walimwona padre pia. Siku hizi humwosha mtoto peke yake. Wazo bado hupita mara moja moja, lakini halimtishi tena. Na Komunyo anapokea.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni wazo gani ambalo umeogopa kumwambia mwenzako? Ni nini kilichokuzuia?
2. Mwenzako alipokufungulia moyo mara ya mwisho, ulimjibu namna gani?
3. Ni wazo gani baya ambalo wewe mwenyewe umelipa kiti? Utalitoaje?

TUSALI

Bwana Yesu, uliyejaribiwa kama sisi, unatujua kuliko tunavyojijua. Mawazo yanapotuvamia, tupe utulivu. Tunapofunguliana mioyo, tupe upole. Utulinde sisi na watoto wetu. Amina.