Habari za hewa: nzuri, ila...



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Ezekieli 33:1-9. Isome polepole, halafu rudi hapa.

Sisi tukikutana tunaulizana habari, na jibu ni "nzuri" hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Kisha baada ya pumzi moja linakuja neno dogo: "ila". Nzuri, ila mtoto hakulala, amekohoa usiku kucha. Bila hiyo "ila" jirani yako hana namna ya kukusaidia. Leo tuongelee "ila" inayofichwa.

Tuanzie Tabora. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa, enzi hizo wageni wakipaita Kazeh, halafu ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Zilipita pembe za ndovu, na walipita watu waliofungwa minyororo pia. Tusisahau hilo tunapopiga picha chini ya miembe ya zamani. Mbele alitembea kirangozi, mwenye bendera na baragumu. Sasa fikiria msafara unaokwenda umekutana na unaorudi. Habari za mbele? Maji yapo? Kuna ndui? Mwaka 1871 vita ya Mirambo iliifunga njia ya Ujiji, hata Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Aliyejua hatari akanyamaza angeweza kuua wenzake bila kushika mkuki.

Rudi kwa Ezekieli. Angalia vizuri: mlinzi yule siye aliyeleta upanga. Kosa lake ni kwamba aliuona unakuja na hakupiga baragumu. Damu ya waliokufa inadaiwa kwake.

Upanga wetu ni moshi. Ukikaa Tabora kiangazi unaujua: mkaa na kuni jikoni, takataka zinazochomwa uani, mioto ya miombo, na ukienda upande wa Urambo, kuni zinazowaka kukausha tumbaku kwenye mabani. Kinachodhuru zaidi ni chembe ndogo mno ambazo jicho halizioni; zinaingia ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinapita hadi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Lakini jamani, nani amewahi kusikia msibani ikitangazwa kuwa marehemu amekufa kwa moshi? Tunaambiwa nimonia, kiharusi, moyo. Moshi hauonekani mpaka mtu apime, ahesabu, na aruhusiwe kusema alichokipata.

Hapo kwenye kuruhusiwa ndipo pagumu. Septemba 2018 Bunge letu lilibadilisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa kosa la jinai kutoa takwimu zinazopinga au kutia shaka zile za serikali. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake wazi, na Juni 2019 kifungu hicho kikaondolewa. Tushukuru. Ila mwaka uliofuata tukaona kitu kingine: idadi ya wagonjwa wa korona ikagota kwenye 509, na kwa zaidi ya mwaka haikusogea. Mtaani tukazika watu wa "changamoto ya kupumua".

Kanisa lilifanya nini? Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwatahadharisha waamini. Machi, Katibu Mkuu wake, Padre Charles Kitima, akasema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, huku shida ya kupumua ikitajwa. Alitaja namba. Kwangu mimi hilo lilikuwa baragumu, na alilipiga wakati ambao halikuwa jambo jepesi.

Utaniuliza, je, serikali haina haki ya kuzuia takwimu za uongo? Inayo. Amri ya nane inatubana na sisi tunaosambaza WhatsApp kila tunachotumiwa. Ila namba mbovu hutibiwa kwa namba iliyopimwa vizuri na kuwekwa wazi. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo, walitengeneza vifaa vya bei nafuu vya kupima hewa ya Kampala, vingine wakavifunga kwenye bodaboda. Na ugonjwa huu wa kuficha si wa Afrika peke yake: Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza vipimo vya hewa vya balozi zake.

Katekisimu namba 2494 inafundisha kuwa jamii ina haki ya kupata habari zilizojengwa juu ya ukweli, uhuru na haki. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si' namba 20, aliutaja waziwazi moshi wa kupikia kati ya vinavyougulisha maskini. Serikali yenyewe mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi: ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika bila kuni na mkaa. Ni jambo jema kabisa. Sasa nani atapima kama hewa ya Tabora imebadilika, na vipimo tutavisoma wapi?

Safari hii ukijiandaa kwa Kitubio, usiishie kujiuliza umedanganya nini. Jiulize pia ni nini ulikiona ukanyamaza kwa sababu kusema kungekuletea usumbufu.

Halafu kwenye Jumuiya, wawili wenu waende zahanati wamuulize mganga kwa heshima: mwezi huu wameletwa watoto wangapi wenye nimonia? Wengine wamuulize mtendaji wa mtaa kama kuna kifaa chochote cha kupima hewa katika manispaa. Majibu yaandikwe kwenye daftari la Jumuiya, pamoja na tarehe. Mkijibiwa "hatujui", andikeni hivyo hivyo.